Betatakin: njia fupi, na mengi ya kutazama

Mhariri,

Makala yenu ya safari kuhusu kaskazini mwa Arizona, Marekani, iliitaja Betatakin, kijiji cha kale kilichojengwa ndani ya uvungu wa jabali, kwa sentensi mbili tu: kwamba ni magofu ya Wanavajo, na kwamba kwa kuwa mgeni huyaona kutoka ng'ambo ya korongo, hakuna haja ya kukata kona kuyafuata. Sentensi ya kwanza si kweli. Ya pili itamnyima msomaji wenu mojawapo ya matembezi mafupi yenye faida kubwa kuliko yote katika eneo lile, na hayana kiingilio. Naomba nafasi nizirekebishe zote mbili, tena kwa urefu kidogo, kwa sababu anayefika pale bila kujua atazame nini hurudi kwenye gari baada ya dakika tano akiwa ameona ukuta mwekundu na vijumba.

Kosa la kwanza limetokana na jina. Hifadhi inaitwa Navajo National Monument kwa sababu imezungukwa pande zote na ardhi ya Taifa la Wanavajo, jamii ya wenyeji wa asili wa Marekani. Yenyewe ni ekari 360 tu, tena katika vipande vitatu vilivyoachana. Lakini waliojenga ni wahenga wa Wapueblo, jamii nyingine ya wenyeji wa asili, wa tawi ambalo wanaakiolojia huliita Kayenta. Wahopi, ambao ni wazao wao na bado wanaishi kusini ya hapo, huwaita Hisatsinom, yaani watu wa kale. Neno Anasazi, ambalo bado limejaa vitabuni, ni la Kinavajo na hufasiriwa kuwa wahenga wa maadui; Wapueblo wengi hawapendi wazee wao waitwe hivyo, na gazeti halina sababu ya kuliendeleza. Hata Betatakin ni jina la Kinavajo, maana yake nyumba ya ukingoni. Wahopi wanapaita Talastima, mahali pa mbelewele za mahindi.

Sasa njia yenyewe. Inaitwa Sandal Trail, inaanzia nyuma ya kituo cha wageni, na urefu wake ni maili 1.3 kwenda na kurudi, yaani kama kilomita 2.1. Imesakafiwa mwanzo hadi mwisho, na huhitaji mwongozaji wala kibali. Neno "imesakafiwa" ndilo linalowaponza wengi, maana husoma hivyo wakadhani ni tambarare. Njia hii inashuka karibu futi 300, kama mita 90, katika nusu ya kwanza, kwa hiyo kupanda kote kunakusubiri wakati wa kurudi, ukiwa umechoka na jua limepanda. Na uko futi 7,300 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya mita 2,200, ambako pumzi hukatika mapema kuliko ulivyozoea. Mtu mzima mwenye afya ya kawaida atembee polepole, asimame kwenye vivuli vya mireteni na misonobari, na atenge saa moja na nusu: dakika arobaini na tano hadi saa nzima za kutembea, zilizobaki za kutazama. Kiti cha magurudumu kinaweza kushuka, lakini kukipandisha kunahitaji mtu mwenye nguvu wa kusukuma, na breki iwe nzima. Kigari cha mtoto vivyo hivyo.

Maji ni lita moja kwa kila mtu, mbili wakati wa joto, na jaza chupa kituoni kabla ya kushuka. Kofia ni lazima, kwa sababu sehemu kubwa ya njia inapita juu ya mwamba mtupu usio na mti. Kiatu chochote chenye soli inayoshika kinatosha. Hatari iko pale unapotoka nje ya sakafu kwenda kupiga picha: mwamba ule ni wa mchanga ulioganda, na uso wake humwaga chembe ndogondogo zinazoviringika chini ya soli kama punje za mtama. Karibu na ukingo wa korongo hilo si jambo la kujaribu. Majira ya baridi theluji huyeyuka mchana na kuganda usiku, na mteremko uliosakafiwa hugeuka kioo. Ukikuta barafu kwenye kona ya kwanza, ujue huko chini kwenye kivuli ni mbaya zaidi.

Kabla ya hayo yote kuna suala la saa, na hapa ndipo safari nyingi huharibika bila kosa la mtu. Jimbo la Arizona halibadilishi saa mwaka mzima. Taifa la Wanavajo hubadilisha, na hifadhi hufuata saa za Wanavajo. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, saa za pale huwa mbele kwa saa moja kuliko za miji ya Flagstaff au Phoenix. Aliyetoka Flagstaff akihesabu kufika saa tisa alasiri atakuta saa ya ukutani inasema saa kumi, na watumishi wanajiandaa kufunga. Simu haisaidii sana, kwa sababu hujirekebisha kwa kufuata mnara ulio karibu, na eneo la Wahopi lililo katikati ya ardhi ya Wanavajo halibadilishi saa. Weka saa ya mkononi kwa mkono wako, uiamini hiyo.

Barabara ni rahisi ukiifuata kwa ramani. Kutoka mji wa Kayenta shika barabara kuu namba 160 kuelekea kusini-magharibi, kama maili 20, mpaka njia panda ya Black Mesa, kisha pinda kulia uingie barabara namba 564 ambayo baada ya maili 9 inaishia kituoni. Ukitoka upande wa Tuba City utapinda kushoto hapohapo. Mashine za kuelekeza njia zimewahi kuwapeleka watu kwenye barabara za vumbi zinazoishia kwenye maboma ya watu, kwa hiyo shika namba hizo mbili za barabara kichwani. Jaza mafuta Kayenta au Tuba City, maana hifadhini hakuna kituo cha mafuta. Pombe hairuhusiwi katika ardhi ya Wanavajo, hata ile iliyofungwa kwenye buti la gari, na kurusha droni hifadhini ni marufuku.

Tufike sasa kwenye mahali pa kutazamia, mwisho wa njia. Makala yenu iliona umbali kuwa kasoro. Nasema umbali ule ndio unaokuwezesha kuona jambo ambalo aliyesimama ndani halioni: ukubwa wa uvungu. Mbele yako, ng'ambo ya korongo, jabali limechimbika likaacha uvungu wenye kimo cha futi 452, upana wa futi 370 na kina cha futi 135. Kwa mita ni kama 138, 113 na 41. Kijiji kizima kimekaa chini yake kama vyombo kwenye rafu ya chini ya kabati, na juu yake kuna nafasi tupu ya kuweka jengo la ghorofa thelathini na zaidi.

Usianze kwa kupiga picha. Simama kwanza, uyaache macho yazoee. Uvungu umeelekea kusini. Wakati wa kiangazi jua hupita juu sana na paji la jabali huvifunika vyumba kwa kivuli mchana, huku mwamba wa nje uking'aa. Ndiyo maana mtu akifika hudhani hakuna kitu mle ndani. Majira ya baridi jua hupita chini na mwanga huingia hadi ukuta wa nyuma. Waliojenga walipata kivuli wakati wa joto na joto wakati wa baridi bila kuwasha kuni za ziada. Kwa kamera ya simu, gusa sehemu ya giza kwenye kioo kabla ya kupiga, la sivyo simu itapima mwanga wa jabali na kuvigeuza vyumba kuwa doa jeusi. Kukuza picha kwa simu hakufai hapa. Beba darubini, ile ya kukuza mara 8. Ya mara 12 inaonekana bora dukani, lakini mkononi hutikisika kila unapovuta pumzi. Kama ndiyo uliyo nayo, egemeza viwiko juu ya uzio.

Anza juu. Michirizi myeusi inayoteremka kwenye paji la jabali ni alama ya maji yaliyopita pale kwa miaka mingi, na maji ndiyo yaliyouchimba uvungu wenyewe. Tabaka la juu ni jiwe la mchanga liitwalo Navajo, mchanga wa jangwa la kale ulioganda, na lina matundu madogo yanayopitisha maji ya mvua na theluji. Chini yake kuna tabaka la Kayenta, lililobana zaidi na lisilopitisha maji vizuri. Maji yakifika hapo hukosa pa kwenda, hutokea ubavuni kama chemchemi, na kudhoofisha mwamba wa chini. Kwenye baridi huganda, yakavimba na kubandua magamba ya jiwe. Jiwe la chini likishaondoka, la juu hukosa pa kuegemea likaporomoka, mpaka umbo linabaki tao linaloweza kujibeba. Kwa hiyo kitu kilichowapa wanakijiji paa ndicho kilichowapa maji, na ndicho kinachoendelea kuangusha mawe. Kijiji kilikuwa na vyumba vipatavyo 135. Hutavihesabu vyote leo, kwa sababu mawe yaliyodondoka yameondoa sehemu yake.

Shuka na darubini mpaka kwenye kuta. Tafuta tofauti kati ya nyumba na ghala. Chumba cha kuishi mara nyingi kina mlango mkubwa kiasi, na ukuta wake wa mbele unaweza kuwa wa miti iliyosimamishwa, ikafungwa fito na kukandikwa udongo. Ghala lina kuta za mawe pande zote, limezibwa vizuri zaidi, na mlango wake ni kitundu kidogo kilichochongewa kingo za kupokea bamba la jiwe lililobandikwa kutoka nje. Watu walijali zaidi ukuta wa chakula kuliko ukuta wa kulala. Panya mmoja na unyevu kidogo vilitosha kula mbegu za mwaka unaofuata, na mahindi, maharage na maboga ndivyo vilivyokuwa maisha yao. Vyumba havikupangwa ovyo: kila kundi lina chumba cha kuishi, maghala mawili matatu na ua mdogo, na kundi hilo ndilo kaya. Ukishaona ua mmoja, macho hujizoeza na kuona wa pili na wa tatu, na ghafla unachokiona si ukuta tena. Ni mitaa.

Tazama pia chini ya kuta. Sakafu ya uvungu ina mteremko mkali, na ukuta uliojengwa juu yake bila maandalizi ungeteleza. Wajenzi walichonga vishimo na vikingo kwenye mwamba ili jiwe la kwanza lishike. Kisha tafuta ncha za boriti zinazochomoza kwenye kuta. Juu ya boriti hulazwa fito, juu ya fito majani na matawi, na juu yake udongo uliopigwa ukashikana. Paa la jirani wa chini ndilo lililokuwa uwanja wa jirani wa juu. Baadhi ya unachokiona kilikarabatiwa mwaka 1917 na mwanaakiolojia Neil Judd, lakini boriti nyingi ni zilezile za karne ya 13, zikiwa kavu chini ya paa la jabali.

Boriti hizo ndizo zilizofanya Betatakin iwe miongoni mwa vijiji vya kale vinavyojulikana tarehe zake vizuri zaidi. Mti huongeza pete moja kila mwaka, pana mwaka wa mvua, nyembamba mwaka wa ukame. Mfuatano wa miaka mibaya na mizuri haujirudii kwa namna ileile, kwa hiyo unaweza kuulinganisha mti mmoja na mwingine mpaka ufike kwenye mti uliokatwa jana. Mwanasayansi A. E. Douglass alikamilisha mnyororo huo kwa eneo hili mwaka 1929. Kama pete ya nje kabisa, ile iliyokuwa chini ya gome, bado ipo, unapata mwaka hasa ambao shoka la jiwe liliuangusha mti. Mtaalamu wa pete za miti Jeffrey Dean alizisoma boriti za Betatakin kwa njia hiyo, na picha aliyoipata ni hii: kaya chache zilianza kujenga mwaka 1267. Mwaka 1269, na tena 1272, miti mingi ilikatwa ikawekwa pembeni bila kutumika. Ikaja kujengewa kuanzia 1275, vyumba vingi kwa pamoja.

Fikiri maana yake. Huwezi kukata boriti za nyumba ya mtu asiyekuwepo, ukazikausha miaka mitatu hadi sita, kama hujui kwamba anakuja. Waliotangulia walikuwa wameagana na waliobaki nyuma. Walihamia hapa kwa mpango, kijiji kizima, huenda watu wapatao 125 kilipojaa. Mti wa mwisho unaojulikana ulikatwa 1286, na ilipofika mwaka 1300 uvungu ulikuwa mtupu. Kazi yote ile ilitumika kwa muda usiofika miaka arobaini. Mtoto aliyezaliwa mle ndani alikua akaondoka akiwa bado kijana.

Hawakutoweka, na ndiyo sababu naandika kwa mkazo. Ukame mkubwa ulishika eneo hilo kuanzia 1276 hadi 1299. Wakati huohuo vijito vilianza kukata mifereji mirefu katika sakafu ya korongo, kina cha maji ya ardhini kikashuka, na mashamba ya bondeni yaliyotegemea unyevu huo yakabaki juu, makavu. Mkulima wa mahindi hasubiri afe hapo. Walifunga baadhi ya maghala na kwenda kusini, na koo za Wahopi zinaeleza njia hiyo mpaka leo. Kwenye ukuta wa uvungu kuna mchoro mkubwa mweupe ambao Wahopi wa Ukoo wa Moto huutambua kuwa alama yao. Ukiupata kwa darubini, unatazama saini ya familia ambayo bado ina wenyewe.

Wanaotaka kukaribia zaidi wanaruhusiwa kwa ziara inayoongozwa na askari wa hifadhi, katika majira ambayo ziara hizo hutolewa. Hiyo inashuka futi 700 hadi bondeni na kumaliza saa kadhaa, na hairuhusiwi kwenda bila mwongozaji. Keet Seel, kijiji kikubwa zaidi, ni maili 17 kwenda na kurudi kwa kibali, ukivuka maji njiani. Inscription House, kipande cha tatu, kimefungwa kwa wageni tangu 1968. Piga simu hifadhini siku chache kabla, kwa sababu ratiba hubadilika kwa hali ya hewa na idadi ya watumishi. Kuna pia Aspen Trail, inayochepuka kutoka Sandal Trail na kushuka futi nyingine 300 kwenye ngazi hadi mahali pa kutazama msitu mdogo wa bondeni. Ni nzuri, ila haionyeshi kijiji. Wengi hushuka wakidhani wanakikaribia, wakapanda tena kwa hasira.

Julai hadi katikati ya Septemba mawingu hukusanyika mchana, na radi huanza alasiri. Juu ya mwamba mtupu wewe ndiye mti mrefu. Anza asubuhi, ukiona mwako na kusikia ngurumo kabla ya kuhesabu thelathini, geuza urudi hata kama umebakiza hatua mia moja. Na ukiona kigae cha chungu pembeni mwa njia, kiache kilipo. Sheria ya Marekani inalinda vitu hivyo tangu 1906, na ile ya 1979 iliongeza adhabu. Zaidi ya sheria, kigae kilichohamishwa hakiwezi tena kumwambia mtu kilitoka katika ua gani.

Mkiichapa tena makala ile, naomba mrekebishe mambo matatu: wajenzi ni wahenga wa Wapueblo, ambao Wahopi ni wazao wao, saa za hifadhi ni za Wanavajo, na mgeni abebe darubini.

Msomaji wenu